Friwili

Ashkhara, Julai. Bahari haijalala wiki nzima,
na Zahrani naye hajalala.

Pipa la dizeli, tupu, limezibwa mdomo,
linapanda, linashuka;
mkono wa chuma unalifuata hadi ukutani,
kwenye friwili ya baiskeli ya mwanawe.

Jirani anauliza: mbona wimbi likirudi
gurudumu halirudi nalo?
"Friwili hiyo. Likija, inashika.
Likiondoka, inaachia. Haina kinyongo."

Mara mbili mnyororo umekatika.
Mara moja pipa lilikwenda zake usiku, kama mdeni.

Leo mama yake, Bi Thuwaiba,
mzaliwa wa Wete, ambaye hadi leo huhesabu riali kwa Kiswahili,
amekuja na nazi mbili za Salala
na kiti chake cha plastiki.
Meno ya mbuzi yamechomelewa mwisho wa ekseli.
Yanazunguka, yanasita, yanazunguka;
nazi inadondoka nyeupe kwenye sinia
kwa pumzi, si kwa haraka.

Hasemi ahsante. Anaonja.
"Bahari yote hii," anasema, "kwa kifuu kimoja?"

Kisha anachukua nusu ya pili,
anaiweka menoni,
anangoja wimbi.