Kaza Likiwa Chini

Miaka minne lilibisha.
Ngo, likivuka reli pale Karhula,
ngo ngo, likishuka kuelekea bandarini,
na mama, badala ya kusimama,
aliongeza sauti ya redio.

Mpwa wangu Eliel aliamini kuna mtu ndani ya buti.
Alimwachia biskuti.

Leo nimo uvunguni, mgongo juu ya katoni.
Ni Machi, mlango wa banda uko nusu wazi,
theluji ya juu ya bati inachuruzika.
Chumvi wanayomwaga barabarani msimu mzima wa baridi
imeila boliti ikasaza sura yake tu.
Nimeipulizia mafuta jana, na juzi, na kabla ya juzi.
Nimechomeka bomba kwenye mpini wa spana, nikaning'inia.
Haikulegea. Ilikatika,
kwa mlio wa mtu aliyechoka kuulizwa.

Bushi yenyewe, nilipoiona, niliona haya.
Kipande cha mpira, ngumi ya mtoto ni kubwa zaidi,
kazi yake kukaa kati ya chuma na chuma
visije vikasikiana.
Umechanika pande zote, umegeuka ugoro,
na mrija wa katikati unacheza
kama jino la Eliel.
Chuma kilikuwa kikisema na chuma
sisi tukisikiliza muziki.

Vivyo hivyo nyonga yake.
"Ni baridi tu," alisema, miaka ile ile minne,
akipanda ngazi kwa mguu mmoja
na kuuvuta wa pili kama mtoto mbishi.

Nikalikata ganda la zamani kwa wembe wa msumeno,
polepole, nisije nikaung'ata mkono wa chuma unaolishika.
Kitabu kinataka mashine ya kukandamiza.
Tuure, jirani, anasema: baridi na joto, basi.
Kwa hiyo bushi mpya zimelala usiku kucha kwenye friza
kati ya samaki wa ziwani na matunda ya msituni,
na mkono wa chuma nimeupeleka sauna,
nikaulaza ubao wa juu, mahali pake mama.
Akapaza sauti kutoka jikoni:
"Humo haingii mwenye grisi!"
Nikamjibu, huyu nimemsugua kwa sabuni mara mbili.

Halafu mbio, glavu za kuokea mikononi,
mshale ukitazama mbele
(hata mpira una mbele na nyuma yake),
pigo moja, la pili,
ikazama kama aliyekuwa akingoja kukaribishwa.
Nilicheka peke yangu.
Upande wa pili ulinichukua hadi usiku. Huo sisimulii.

Sasa hapa ndipo wengi huharibu.
Gari liko juu ya jeki, magurudumu yananing'inia,
njaa inakutuma ukaze kila kitu ukale.
Usikaze.
Ukikaza likiwa hewani
mpira utashika umbo la kuning'inia,
na ukilishusha utajinyonga mchana na usiku
ukitafuta kurudi mahali ambapo hapapo tena.
Hautamaliza mwaka.
Lishushe kwanza. Libebe uzito wake,
lisukume, litikise, likae linavyokaa,
ndipo ujipenyeze chini, kwa taabu,
pua ikigusa bomba la moshi, na ukaze.

Daktari wa mifupa naye,
siku ya pili tu baada ya kisu:
"Simama. Ukanyagie."
Mama alimtukana kwa Kikarelia cha bibi yake,
kisha akasimama.

Hiyo ni wiki ya saba sasa.
Amekuja hadi bandani na fimbo zake mbili,
ameingia kiti cha mbele, mkono wangu ameusukuma.
Tumevuka reli ya Karhula.
Kimya.
Tumegeuza, tumevuka tena.
Akanyoosha kidole, akazima redio.
Akasikiliza kwa muda mrefu,
kichwa kainamisha upande.

"Na hizo breki," akasema, "zinalia hivyo tangu lini?"