Zelma Ashuka Ghalani

Machi. Theluji ya Latgale imeanza kudondoka paani,
na Zelma anashuka ngazi kumi na moja
na taa, na ndoo, na goti lisilotaka.

Viazi havikumngoja.
Vimetoa vidole vyeupe gizani,
virefu, vimepinda vyote upande mmoja,
kuuelekea ufa wa mlango
ambao Arvids aliapa kuuziba kabla ya Krismasi.
Krismasi ilifika. Yeye hakufika.

Anakaa juu ya kreti, anachambua.
Kilicho kigumu bado: vunja chipukizi, menya, pika.
Kilicho kijani: tupa, hata nguruwe asipewe.
Kilichonywea kama shavu la ajuza
(anacheka, anajigusa shavu)
hicho weka kando.

Mwanawe alipiga simu jana kutoka Riga:
"Mama, mwaga vyote. Dukani ni bei ya bure.
Na shamba, si tulikubaliana?"
Walikubaliana. Mnunuzi anakuja mwisho wa Mei.

Kando pamejaa.
Anavikwanyua vile vidole, kimoja kimoja,
anavipandisha viazi jikoni,
anavipanga kwenye trei za mayai, macho juu,
dirishani, karibu na redio ya Arvids,
vitoe machipukizi mengine,
mafupi, manene, ya zambarau,
yanayojua jua liko wapi.

Mnunuzi akija
atakuta matuta yamekwisha kuinuliwa,
na mwanamke wa miaka sabini na tisa
ameegemea jembe, anamwambia:
subiri kwanza tuvune.