Gramu Tano

Ijumaa jioni maabara ilikuwa tupu,
profesa Brandvold kasahau koti lake kitini.
Nikaitoa kadi pochini, nikailaza juu ya mizani,
ile ya kupimia chumvi na unga wa shaba,
nikafunga vijilango vyake vya kioo
nikangoja namba zitulie.
Gramu tano, nukta, sifuri tatu moja tisa.
Panya wa stoo anaizidi mara nne.

TUULI R. LAHTI, herufi zimeinuka.
Ilipofika Septemba nililipapasa jina hilo kwa kidole gumba
kama asomaye gizani.
Kikomo, dola mia tano.
Riba, asilimia ishirini na sita na ushei,
na huo ushei umeandikwa kwa maandishi madogo
kama mayai ya chawa.

Sasa imekuja barua. Wanasema nimekuwa mwema.
Wanauliza kama nipandishwe hadi elfu mbili.

Mai Kou, ninayeishi naye chumba kimoja, aliisoma akacheka.
Mama yake kule Saint Paul ana bahasha saba kabatini:
kodi, mchele, mazishi, shule,
na nyingine ambazo haziandikwi kitu.
Hata gari alilinunua kwa noti,
muuzaji akilowesha kidole, akikosea, akianza upya.
Lakini Agosti, Mai Kou alipotaka chumba karibu na chuo,
mwenye nyumba alimtafuta kwenye kompyuta
asimwone. Si deni, si sifa.
Familia isiyodaiwa hata senti kwa miaka ishirini,
na mashine haijapata habari zake.
Ndiyo maana tunalala wawili
kwenye chumba kilichopangwa kwa jina langu.

Na Januari, je? Duluth ilikuwa nyuzi thelathini chini ya sifuri,
ziwa linatoa moshi kama sufuria,
betri ya gari imekufa nje ya duka la dawa.
Nilikuwa na dola kumi na moja
na zamu ya alfajiri jikoni hospitalini.
Kadi ililia ti! mara moja tu.
Gari likakohoa, likanguruma.
Siku ile ningeibusu, ila midomo ingeganda.

Halafu namkumbuka kaka yangu Eino.
Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga;
wao angalau walikuwa na harusi, wali na watu.
Eino alikopa pizza.
Pizza, kisha viatu vya theluji,
kisha tiketi ya Chicago kumfuata msichana
ambaye leo ni mke wa mtu Denver.
Kila mwezi alituma dola ishirini na tano,
kima cha chini, akalala usingizi mnono,
na deni likamtazama kama paka aliyeshiba,
halisogei, halinyanyuki.
Pizza ile ina miaka sita.
Bado anaila.

Baba hajui. Baba anadhani Eino ni bahili.

Niliipima na barua: gramu kumi na mbili na zaidi.
Ahadi imeishinda kadi yenyewe.
Nikaweka risiti ya betri, dola mia na kumi na tisa,
sitini nimelipa, hamsini na tisa bado,
nayo haikufika hata gramu moja.
Nikajiona mjinga, nimesimama na koti la maabara
nikiuliza mashine swali lisilo la kwake.

Mlango ukafunguliwa. Brandvold, amerudia koti.
“Unapima nini saa hizi?”
“Plastiki,” nikasema.
Akainama, akaangalia namba, hakuangalia jina,
au aliliangalia akanyamaza.
“Ifute kwanza. Mafuta ya vidole nayo yana uzito.”

Akaenda. Niliifuta kwa tishu, pande zote mbili,
nikairudisha, nikafunga vioo.
Gramu tano, nukta, sifuri tatu moja saba.
Kwa hiyo kuna kiasi ambacho ni changu.
Nikakiandika daftarini,
na chini yake: tarehe kumi na nne, hamsini na tisa, zote.
Barua bado iko mfukoni.