Hivi Karibuni

Kisanduku nilikinunua Luthuli, ghorofa ya pili,
kwa Mwanzia, aliyefuga ukucha wa gumba
wa kufungulia migongo ya simu.
Alikipima mkononi kama parachichi.
"Kina maandishi ya Kiswahili chini ya picha?"
"Bado. Yanakuja na sasisho. Mwezi wa tatu."
Hakusema wa mwaka gani,
nami, kwa furaha ya kupunguziwa mia tatu, sikuuliza.

Mama aliwahi kuwa sikio la nusu ya jiji.
Miaka ishirini na miwili kwenye mitambo ya simu,
waya huku, plagi kule, "Subiri nikuunganishe,"
wachumba kwa wachumba, wadeni kwa wadai wao.
Sasa sikio la kulia limekwenda kabisa,
la kushoto husikia milango na radi tu.
Hukaa kwenye kochi la buluu, Kariobangi South,
akitazama midomo ya watu ikitafuna hewa.
"Amesemaje?"

Machi. Mipangilio, Kuhusu Kifaa, Tafuta Sasisho.
Kiduara kikazunguka, kikazunguka,
kama kuku anayetafuta pa kutagia,
kisha: Kifaa chako hakihitaji chochote.
Aprili mvua ikaangusha nguzo ya stima,
tukalala siku nne na mshumaa.
Mei wakatangaza: hivi karibuni.
Juni: hivi karibuni sana.
Hilo "sana" ukilitia kwenye mizani ya sukari
mshale hausogei.

Saa nane za usiku, bando likiwa rahisi,
niliamka kubonyeza tena, kwa kunyata,
kama mtu anayekagua mtego wa panya.

Basi nikawa maandishi mimi mwenyewe.
Nikaketi kando ya televisheni na daftari la hesabu,
kalamu nene, herufi za bango la mkutano:
ANASEMA HATARUDI.
ANASEMA MTOTO SI WAKE.
Nikichelewa, mama alipiga kochi kwa rimoti.
Watu wale husema upesi kuliko mkono wangu;
nikimaliza kuandika ANASEMA,
aliyesema ameshazikwa.

Agosti, Jumanne, sasisho likaanza kushuka.
Asilimia nne. Kumi na moja.
Arobaini na saba, hapo likapiga kambi.
Mita ya tokeni: yuniti mbili nukta tatu.
Nikazima friji, nikazima taa,
nikachomoa hata chaja ya jirani Awuor
aliyokuwa ameiazima soketi yetu.
Tukabaki na mwanga wa ule mstari mwembamba
na mama amenishika kiwiko
kama tuko nje ya chumba cha upasuaji.

Mia kwa mia.
Vitufe vilikuwa mraba, sasa ni mviringo.
Samawati imekuwa zambarau.
Tumerekebisha hitilafu ndogondogo.
Nikafungua Lugha, nikateremka polepole:
Kirusi, Kislovenia, Kiswidi.
Nikarudi juu. Kislovenia. Kiswidi.
Kati ya hizo mbili ndipo tungekaa,
wala hapakuwa na pengo, zimebanana
kana kwamba hakuna mtu aliyetarajiwa.

"Limekuja?"
Nikatikisa kichwa kwa namna
isiyo ndiyo wala hapana.

Kwenye kioo, mwanamume mlangoni pa stesheni
akaanza kumwambia mwanamke jambo refu.
Nje lori la takataka likaunguruma,
nami pia sikusikia kitu.
Mama akapiga kochi. Nikaandika:
ANASEMA SUBIRI NIKUUNGANISHE.

Akasoma. Akamtazama yule mwanamume, akanitazama.
"Mwongo wewe. Ukitamka 'subiri'
lazima midomo igusane mara moja.
Ya huyu haijagusana hata kidogo."
Akafungua ukurasa mweupe,
akanirudishia kalamu.
"Haya. Na yule mwanamke, amemjibuje?"