Mkate wa Alhamisi

Gari la mkate huja Alhamisi, moja ndiyo, moja siyo,
hupiga honi penye kituo cha basi
ambacho basi lilikiacha mwaka ule shule ilipofungwa.
Dereva hazimi injini. Anajua idadi yetu.
Moshi wa nyumba nne: ndio mji, ndio Latvia nzima tuliyobakiwa nayo.

Mkate ni mweusi, wa rai na kisibiti,
mzito kama mtoto wa miezi mitatu,
nami huubeba hivyo hivyo, kifuani, ndani ya koti,
theluji ikilia kru, kru, chini ya viatu.
Uliumbwa kwa meza ya watu sita.
Mimi ni mdomo mmoja, na meno si yote.

Basi sikiliza, Teodors, wewe uliyekuja jana
na kipande mkononi, ukakigonga mezani pangu,
ko, ko, kama tarishi mwenye barua ya kodi,
ukasema: "Vizma, friza yako ni mwongo."
Friza haidanganyi. Umeponzwa na pupa.

Kwanza, uache upoe.
Mkate wa moto ukifungwa hutoa jasho,
jasho likaganda, na barafu ile ndiyo mwizi:
huuvuta unyevu wa ndani na kuuanika nje.
Uguse tumboni kwa kiganja. Bado vuguvugu? Ngoja.
Nenda kawafungie kuku.

Pili... pili nimesahau. Pili ni kisu.
Kata leo, usingoje siku ya njaa;
mkate ulioganda mzima ni gogo,
na mgongo huo wako hauwezi shoka.
Unene wa kidole changu, siyo chako.
Funga kwa karatasi ya nta, kisha mfuko,
na hewa uikamue, uikamue kama jibini kwenye kitambaa;
hewa iliyosalia humo itakula kabla yako.

Wala usiniletee habari za friji.
Friji ni baridi isiyo na msimamo,
haigandishi, haiachi,
na mkate huzeeka humo siku mbili kwa miaka ishirini.
Watu pia nimewaona hivyo.

Lakini kuyeyusha ndiko ulikoharibu.
Ulikitupa kwenye maikrowevu, dakika tatu,
kikatoka kikifuka, laini kama ahadi,
na kabla siagi haijaenea kilikwisha kuwa ubao.
Mimi hukitoa usiku, nikakilaza mezani na nguo zake.
Usikivue! Maji yaliyokitoka yamo humo karatasini,
yanatafuta njia ya kurudi nyumbani.
Ukifungua mapema, yanapotea.
Wanangu wawili wako Dublin.
Labda nilifungua mapema.

Asubuhi chovya vidole, kinyunyizie,
kidogo tu, kama padri anayebatiza mtoto mwenye mafua,
kisha jikoni juu ya kuni, mpaka ganda likumbuke tanuri.

Alisikiliza. Hakubisha, jambo geni kwake.
Kile kipande kikamponyoka, kikadunda sakafuni;
akainama taratibu, akakiokota, akakibusu,
maana mkate ukianguka hubusiwa,
hata ukiwa ubao.

Leo ni Jumapili, nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri.
Nimefungua friza, mkono umechukua kimoja
kwa mazoea ya baridi kumi na moja.
Nikasimama, mlango wazi, ubaridi ukinimwagikia miguuni,
ujinga ambao mtu mwingine ningemfokea.

Sasa mezani pana vifurushi viwili,
vimevaa, vinatoa jasho polepole.
Labda theluji itamzuia. Ikimzuia,
cha pili nitakikaanga kwa siagi, mbwa apate ukingo.
Kwani kilichokwisha yeyuka hakirudishwi kwenye friza.
Hilo sikumwambia.