Pembe Thelathini na Moja

Mama alinilea kwa kamba.
Si kwa kipigo, kwa bei yake:
makumbi yaliyozikwa matopeni Shumba, mawe juu,
bamvua kwa bamvua mpaka yanuke yai viza,
kisha rungu, kisha jua, kisha paja.
Uzi ushike uzi. Ndiyo elimu yote.
Uzi usioshikana na mwenziwe, alisema Bi Mize,
ni taka ya kuwashia moto.

Mie nalipwa niuachanishe.

Chumba chetu kiko Wete, nyuma ya ghala la karafuu;
kila tunachopika hunukia karafuu, hata kisichotakiwa.
Usumba huingia na rangi ya kutu,
huchemshwa kwa soda kali, huoshwa, hupaushwa,
kisha spiriti, kisha asidi, kisha kuoshwa tena
mpaka si usumba wala si nazi,
ni kitu ambacho Ngwali hukitamka kama mtu anayepanda ngazi:
ka-boksi-methili-selulosi.

Jina zuri. Tabia mbaya.
Kikikauka hubaki manyoya.
Ukikimimina kwenye faneli hukaa kitako,
hujenga daraja juu ya tundu, kikakutazama.
Unaipigapiga faneli kama mgongo wa mtoto aliyepaliwa:
donge moja, pu, halafu kimya.
Na ukikitia majini, nje ute, ndani kukavu,
madonge yanaelea yamekodoa kama macho ya changu.

Kipimo chetu angekiweza mtoto wa darasa la tano:
mimina, ufanye kichuguu mezani,
pima mteremko kwa kipimapembe.
Unga mkaidi husimama. Unga mwema hulala.
Hamsini na mbili. Hamsini. Hamsini na mbili.
Nje masika yamekazana,
na kadiri tulivyousaga laini
ndivyo ulivyong'ang'aniana.

Siku hiyo mama kaja na bakuli la muhogo wa nazi.
Akakaa juu ya pipa la spiriti (tukamhamisha),
akachovya kidole, akaonja kabla sijamkataza.
Ulimi ukamgandia juu. Dakika nzima Bi Mize hakusema,
jambo ambalo baba aliliombea miaka thelathini.

Alipopata kinywa:
"Nyie hamjapata kufagia uwanja?
Vumbi hulifagii kavu. Unalinyunyizia maji, likae,
ndiyo ufagie."

Ngwali alicheka. Mie sikucheka.
Maji kidogo ndani ya spiriti,
kwa chupa ile ya kunyunyizia nguo za pasi.
Tukaukanda polepole, manyoya yakajikunja,
kila uzi ndani ya chembe yake
kama jongoo aliyeguswa.
Tukaukausha kwa moto mdogo, tukausaga kwa mkono mwepesi,
tukauchekecha mara mbili.

Halafu faneli.
Sikuigonga.
Ulitoka kama mchanga; hapana, kama neno
ambalo mtu amekaa nalo mwaka mzima
na leo limemtoka lenyewe.
Pembe: thelathini na moja.

Mama akautazama.
"Sasa huu unafunga nini?"
Haufungi kitu, mama. Unafungua.
Kidonge chako cha presha, kikifika tumboni,
ni huu unaokunywa maji, ukavimba, ukakibomoa, dawa itoke.
"Ala! Kumbe nimezaa mbomoaji."

Alisema huku mikono yake imeokota
usumba uliobaki sakafuni;
pajani, mbele, nyuma, bila kuangalia.
Mfuko wetu wa kwanza ulipojaa
akaufunga mdomo kwa kamba hiyo, fundo la kufungia mbuzi,
ambalo hadi sasa Ngwali hajui kulifungua.

Tumeandika: kundi la saba. Digrii thelathini na moja.
Unyevu, themanini na mbili.
Mvua bado.
Asubuhi tutajua kama umelala vile vile
au usiku umeanza kushikana tena.