Viti Kumi na Vinane

Harufu ya mpira haikutoka.
Tulipiga deki kwa sabuni, kwa siki, kwa maji ya moto,
Selvin akapaka kuta zote rangi nyeupe,
na bado Jumapili ya kwanza, tulipofumba macho,
kila mmoja wetu alisali ndani ya gurudumu.

Gereji ya matairi, nyuma ya reli,
Nebraska, mwezi wa pili, theluji magotini.
Viti kumi na vinane tulipewa na shule iliyofungwa,
vidogo, vya watoto wa darasa la pili:
ukikaa, magoti yanakisalimu kidevu.
Waliokuja walikuwa saba.
Saba, ukimhesabu mtoto wa Nereida aliye tumboni,
nami nilimhesabu.

Mume wangu hakusomea uchungaji.
Alichosomea ni ng'ombe: zamu ya usiku, kiwandani,
bega la kushoto, kisu, ndoana, bega la kushoto,
hata vidole vikakataa vifungo vya shati.
Mimi ndiye ninayemfunga.
Mimi ndiye ninayemfunulia kurasa za Biblia,
naye husoma kwa sauti ya watu wa Olancho,
akiburuta maneno kama mtu anayevuta nyumbu mkaidi.

Kanisa kubwa la mjini, lenye mnara na chumba cha kahawa,
hutupa dola mia tatu kwa mwezi, na fomu.
Waliohudhuria. Waliobatizwa. Sadaka.
Makadirio ya miaka mitatu.
Mzee Lindqvist huja kuichukua,
huvua kofia, hukaa kwenye kiti cha darasa la pili
bila kulalamika.
Kazi hii wao huiita kupanda.
Mimi nimezaliwa kwenye mashamba ya kahawa.
Mwaka wa kwanza hupimi mavuno.
Unainama kila asubuhi
kuona kama mche haujaliwa.

Jumapili moja gari jeupe lisilo na maandishi
liliegeshwa ng'ambo ya barabara, injini ikinguruma.
Walikuja wawili.
Selvin alihubiri dakika arobaini,
akiwatazama viti kumi na sita machoni.

Tomasa Ixcoy hukaa nyuma,
karibu na mashine ya kujazia upepo.
Miezi minne "Amina" yake ilichelewa nusu pumzi.
Nilidhani ni haya.
Nilidhani, Mungu anisamehe, ni uzito wa akili.

Kisha msumeno ukachukua vidole viwili vya mwanawe.
Alisimama aombe. Alianza kwa Kihispania,
sentensi tatu, akakwama.
Kihispania kwake kilikuwa nguo ya kuazima,
na nguo ya kuazima, baridi ikikaza, haisitiri.
Akanyamaza. Tukasikia treni ikipita.
Akaanza upya
kwa maneno niliyokuwa sijawahi kuyasikia,
maneno yenye vifundo, yaliyofungwa na kufunguliwa kooni,
na yule mwanamke aliyekuwa akichechemea miezi minne
alikuwa anakimbia.

Ovidio akainua kichwa. Nduguye naye.
Wakamwitikia, neno kwa neno.
Wote watatu, chini ya taa ya gereji,
nami nikiwa mgeni katika kanisa
nililolisugua sakafu kwa mikono yangu.

Nje, kibao alichokiandika Selvin kinasema:
Kanisa la Wanaozungumza Kihispania. Karibuni Nyote.
Theluji ilikuwa imekifunika nusu.

Mwisho wa mwezi nilijaza fomu.
Waliohudhuria, kumi na mmoja. Waliobatizwa, hakuna.
Lugha ya ibada.
Niliandika Kihispania, nikaandika "na,"
kalamu ikasimama. Sikujua Kikiche huandikwaje.
Mzee Lindqvist aliisoma fomu, akaigeuza, akaisoma tena.
"Na nini?" akauliza.
Nikamwambia aje Alhamisi.

Alhamisi Tomasa hutufundisha neno moja.
La kwanza lilikuwa maji. Bado silitamki sawasawa.
Yeye hucheka, hufunika mdomo kwa kiganja, hurudia.
Mzee Lindqvist hulitamka vibaya kuliko mimi.
Viti vitupu vimebaki sita,
na kimoja kati ya hivyo kimevunjika mguu.